Mwenye Ufunguo wa Vitabu

Naleta mbele yenu swali ambalo kwa sura yake ni dogo, nalo limenisumbua muda wa miaka tisa. Mtu akikabidhiwa vitabu vya watu wote, je, ametimiza wajibu wake akivilinda tu visipotee? Na kama hakuutimiza kwa sababu hakufundishwa kazi ile, lawama ni ya nani: ni yake, au ni ya hao waliompa ufunguo wasimpe maarifa? Wengi watajibu upesi. Mimi nami nilikuwa nikijibu upesi, hata yaliponipata haya nitakayoyasimulia.

Nilipoanza ualimu nilipelekwa katika shule moja ya msingi huku kwetu kusini, nayo sitaitaja jina. Siku ya tatu nikapewa ufunguo wa kabati la vitabu. Sikuchaguliwa kwa kuwa naijua kazi hiyo, bali kwa kuwa nilikuwa mgeni, maana kazi wasiyoitaka wenyeji humwangukia mgeni. Kabatini mlikuwa na vitabu 142, vya hadithi, vya afya, vya kilimo, na vichache vya jiografia. Neno nililoambiwa lilikuwa moja tu: kikipotea kimoja, utakilipa wewe. Sikuambiwa namna ya kuandika daftari la kuazimia, wala namna ya kuvipanga, wala namna ya kuvikinga na wadudu, wala, na hili ndilo kubwa, vitabu vile viliwekwa kwa ajili ya nani. Basi nikafanya kama afanyavyo mtu mwenye hofu: nikafunga kabati, nikautia ufunguo mfukoni.

Alikuwako kijana mmoja wa darasa la sita, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Alikuwa amesikia kwamba katika nchi yetu hii maji hugawanyika, mengine huenda kaskazini kwa mto Luwegu hata kuingia Rufiji, mengine huenda kusini hata Ruvuma, naye akataka kuona katika ramani mahali yanapoachana. Alijua kwamba kitabu chenye ramani kimo kabatini, kwa kuwa alikiona siku tulipovihesabu. Alinijia mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia angoje. Mara ya pili nilimwambia kitabu hicho ni cha thamani, na mikono ya watoto ni michafu. Mara ya tatu nilimkemea mbele ya wenzake. Hakuja tena.

Likizo ndefu ikapita. Tuliporudi nilifungua kabati, nikaona migongo ya vitabu imesimama safu safu kama nilivyoiacha. Nikavuta kimoja, nikabaki na jalada mkononi, na ndani yake udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakaingia kwa nyuma, wakala vyote isipokuwa kumi na kimoja. Wao ndio waliokuwa wasomaji wa kwanza wa vitabu vile, na wa mwisho. Hapo tazameni ajabu: hapana kitabu kilichoibiwa, hapana kilichoazimwa kisirudi. Kwa amri niliyopewa nilikuwa sina hatia, wala sikulipa hata senti moja.

Basi nikaanza kuuliza moyoni, kitabu kupotea maana yake nini? Wazee wetu wanasema, akiba haiozi. Na neno hili ni kweli kwa mahindi yaliyomo ghalani. Mahindi yakiliwa leo, kesho hayapo. Kwa hiyo mwenye busara huyaweka. Lakini kitabu ni kinyume chake. Kikisomwa na watoto hamsini hakipungui, ila kuchakaa kidogo pembeni. Kisiposomwa ndipo kinapopungua, kwa maana mtoto hangoji. Kitabu kinachomfaa mtoto wa miaka kumi na miwili hakimfai vile vile akiwa na miaka thelathini na mzigo wa kodi na ada kichwani. Kila mwaka uliopita kabati likiwa limefungwa, darasa moja zima lilivipoteza vitabu vile 142, wala daftari halikuandika hasara hiyo. Mchwa walimaliza tu kazi niliyoianza mimi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kulinda si kutimiza. Kulinda ni sehemu ya wajibu, na tena ni ile sehemu iliyo nyepesi. Mlinzi huulizwa, je, kipo? Mtunza vitabu huulizwa, je, kimemfikia nani?

Swali la pili ni gumu zaidi. Nani alaumiwe? Nimelipima jambo hili mara nyingi, nami naona kwamba kuna ujinga wa namna mbili. Kuna ujinga wa mtu ajuaye kwamba hajui, na hauulizi mtu. Huo ni kosa lake mwenyewe, maana kuuliza si ujinga. Na kuna ujinga wa mtu asiyejua hata kwamba lipo jambo la kujua. Mimi nilidhani kwamba kutunza vitabu si kazi yenye elimu. Nilidhani ni ufunguo na mfuko wa kuutia. Ujinga huu wa pili hamwezi kumlaumu mtu peke yake, maana hakuna awezaye kugonga mlango asiouona. Wa kulaumiwa ni sisi sote tuliokubaliana kwamba kazi ile ni ya mtu yeyote aliyepo. Lakini sijitoi. Kwamba mtoto aliniomba mara tatu nikamkemea, hilo halihitaji kozi wala cheti kulijua. Hilo ni langu.

Nitatoa mfano wa mbali, kisha nitarudi nyumbani. Alikuwako huko Uhindi mwalimu wa hesabu, jina lake S. R. Ranganathan. Mwaka 1924 aliwekwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, yaani mtunza maktaba yake. Hakuwa na ujuzi wa kazi hiyo, na baada ya siku chache tu alichoshwa nayo, akaomba arudishwe darasani. Lakini mwaka ule ule alipelekwa Uingereza kujifunza. Akasoma ukutubi mjini London, akazunguka kutazama maktaba nyingi za nchi ile, akaona jinsi zinavyowatumikia watu wa kila namna, wakubwa kwa watoto. Aliporudi Madras mwaka 1925 hakuomba tena kuondolewa, na kazi ile aliishika maisha yake yote. Mwaka 1931 akatoa kitabu chenye kanuni tano za kazi ya maktaba, na iliyo mbele ya zote yahusu hili, kwamba kitabu huwekwa ili kitumiwe. Kanuni zile zinafundishwa katika vyuo vya wakutubi hata leo. Angalieni basi: mtu ni yule yule, na rafu ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba alifundishwa, akawaona wenzake wanavyofanya.

Hapa kwetu Namtumbo twaijua sana kanuni hii katika mambo mengine. Tumbaku yetu ni ile ikaushwayo kwa moshi. Je, ni mkulima gani atakayempa mtu asiyefundishwa kulinda moto wa bani usiku? Moto ukizidi, jani linaungua, ukipungua, linaoza, na kazi ya mwaka mzima imekwisha katika usiku mmoja. Kwa hiyo bwana shamba huja, wakulima hukutanishwa, aliyefaulu mwaka jana huwaonyesha wengine, wala hakuna asemaye kwamba siku ile ya mafunzo imepotea bure. Mbona basi jani la tumbaku tunalipa mtu aliyefundishwa, na jani la kitabu tunalipa mtu yeyote?

Mimi mwenyewe nilipata bahati baadaye, nikiwa nimekwisha hamia shule nyingine, ya kuitwa katika semina ya siku tatu mjini Songea kwa walimu wenye kutunza vitabu. Nilikwenda bila hamu. Niliyojifunza siku ya kwanza yalikuwa madogo hata nikaona haya: kabati lisiegemezwe ukutani, miguu yake isimame katika makopo yenye mafuta, vitabu vitolewe vipunge hewa, daftari la kuazimia liwe na jina la mtoto, siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, na mtoto mwenyewe afundishwe kuliandika. Mambo haya mtu angaliniambia kwa muda wa robo saa, yangaliokoa vitabu 131.

Lakini lililo kubwa lilikuwa siku ya pili. Mkutubi mmoja mzee aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, akanieleza kwamba mwaka 1971 mtaalamu mmoja aitwaye P. H. Gulliver alichapisha kitabu kizima juu ya Wandendeule, habari za ujirani wao na ujamaa wao, jinsi wanavyosaidiana mashambani na kupatanishana ugomvi. Wandendeule ni watu wa hapa. Wengi wa watoto ninaowafundisha ni wajukuu na vitukuu wa watu wale. Nimekaa nao miaka, nisijue kwamba kuna kitabu chenye habari za babu zao. Nikafahamu siku ile mkutubi ni mtu wa namna gani. Si mtu mwenye vitabu vingi, maana kitabu hicho hata yeye hakuwa nacho pale. Ni mtu ajuaye kilichopo na mahali kilipo, na ajuaye nani anakihitaji kabla huyo mwenyewe hajajua. Maarifa hayo hayapatikani kwa kukaa peke yako na ufunguo. Hupatikana kwa kukutana na wenzako wa kazi moja.

Sasa nitasikiliza maneno ya wanaopinga, kwa kuwa si maneno ya wapumbavu.

Wa kwanza atasema: "Shule haina madawati ya kutosha, wala choo chema, nawe wataka tumpeleke mtunza vitabu semina? Tena semina zenyewe twazijua. Watu huenda kwa ajili ya posho, hula, hulala, hurudi na mfuko wenye maandishi, na mambo hubaki kama yalivyokuwa." Ndugu yangu, maneno yako yana kweli ndani yake, nami sitaificha. Nimewaona watu wa namna hiyo, hata niliketi nao meza moja. Lakini wizi wa sokoni hautufanyi tufunge soko. Hutufanya tuweke mizani. Mizani yangu ina mawe matatu. Jiwe la kwanza: je, aliyekwenda ndiye mwenye ufunguo? Maana mara nyingi huenda mkubwa, na mwenye kazi hubaki. Jiwe la pili: baada ya mwezi mmoja, je, yuko mtoto hata mmoja asomaye kitabu ambacho asingalikisoma kama mwalimu wake hakwenda? Jiwe la tatu: je, aliporudi aliwafundisha wenzake, au aliyafungia maarifa kabatini kama nilivyofungia vitabu? Safari ishindwayo katika mizani hii ni dhuluma, hata ikiwa posho yake ni ndogo. Safari ifauluyo ni halali, hata katika shule isiyo na madawati. Kwa sababu mtoto aweza kusoma akiketi sakafuni, lakini hawezi kusoma kitabu kilichokwisha liwa.

Wa pili atasema: "Sawa, na wafundishwe. Lakini wakutubi hawa siku hizi wameanza kujisemea. Wanaunda vyama, wanaandika barua kwa wakubwa, wanadai mishahara, nyumba na vitabu. Je, huko si kujitakia makuu? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii naiheshimu, nami nililelewa katika shule iliyotufundisha kwamba mtumishi mwema hajisifu. Lakini naomba tuitazame vema. Kizuri chajiuza kikiwa sokoni, mahali pa macho ya watu. Kizuri kilichofungiwa kabatini kitajiuzaje? Na mtoto asiyepata kujua utamu wa kitabu, atakiombaje? Mwenye njaa ya chakula hulia, na kilio chake husikika. Njaa ya kitabu ina tabia ya ajabu, kwamba kadiri izidivyo ndivyo mtu azidivyo kunyamaza. Asiyesoma kabisa hadai kitabu kabisa. Basi ni nani atakayemsemea, kama si yule aonaye rafu tupu kila asubuhi?

Tena, tazameni historia yetu wenyewe, mtaona kwamba hakuna maktaba iliyoota kama uyoga. Mwaka 1948 lilianzishwa shirika lililoitwa East African Literature Bureau, nalo, pamoja na kuchapa vitabu, lilipeleka masanduku ya vitabu kwa watu wa mbali. Mwaka 1960 mkutubi mmoja, S. W. Hockey, baada ya kuzitazama nchi za Afrika ya Mashariki, aliandika taarifa akashauri kila nchi iwe na maktaba za umma zenye kusimamiwa kwa sheria. Tanganyika ikatunga sheria hiyo mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu mjini Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikatungwa sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwaka 1963 pia kilianza chuo cha ukutubi huko Makerere, ambako Watanganyika walikwenda kusoma. Na mwaka 1989 kikafunguliwa chuo chetu wenyewe Bagamoyo. Mwaka 1974 wakutubi wa nchi za mashariki, kati na kusini ya Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaanza desturi ya kukutana kila baada ya miaka miwili, nayo haikuishia hapo. Na mwaka 1984 wakutubi wa dunia nzima, ambao umoja wao uliundwa Edinburgh mwaka 1927, walikutana Nairobi. Nyuma ya kila tarehe hizi kuna watu walioandika barua, wakasubiri katika varanda za ofisi, wakaambiwa warudi kesho, wakarudi. Kama wangaliona haya kusema, mimi nisingalikuwa na semina ya kwenda, wala Songea isingalikuwa na maktaba ya mkoa.

Na tujifunze kwa hasara pia. Katika miaka ya 1970 nchi yetu ilifanya kazi kubwa sana ya kuwafundisha watu wazima kusoma, na maktaba ndogo zikawekwa vijijini ili wasisahau. Hesabu ya serikali ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamekuwa chini ya 10 katika kila 100. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta wamefika 22 hivi katika watu wazima 100. Sababu ni nyingi, wala sitasema ni moja. Ila najua kwamba nyingi katika maktaba zile za vijiji zilikufa, na ninapofikiri zilivyokufa, naona kabati langu: vitabu vichache visivyoongezwa, na mtu mmoja mwenye ufunguo, asiyefundishwa, asiyelipwa, asiyetembelewa na mtu. Mtu huyo hakuwa mbaya. Aliachwa tu.

Kwa hiyo nasema, kuna kujisemea kwa namna mbili, na tusizichanganye. Mtu akisema, "Nipeni, kwa kuwa mimi ni mkubwa," huko ni kujitakia makuu. Akisema, "Nifundisheni na mnipe vyombo, kwa kuwa wapo watu ambao hawatapata haki yao isipokuwa kwa mkono wangu," huyo hajisemei nafsi yake. Anamsemea mtu mwingine, ambaye pengine hajui hata kwamba anasemewa. Na mtumishi anyamazaye katika jambo kama hilo, akidhani kunyamaza kwake ni unyenyekevu, na ajipime vema. Huenda ni ule ule woga ulionifungisha kabati.

Mwaka jana, siku ya gulio, nilikuwa nikinunua chumvi hapa Namtumbo, nikasikia mtu ananiamkia kwa nyuma. Alikuwa kijana yule, sasa mtu mzima, ana mke na mtoto, mikono imekuwa myeusi kwa moshi wa bani. Aliacha shule baada ya darasa la saba. Tukaulizana hali, kisha akacheka akasema: "Mwalimu, kile kitabu cha ramani kipo bado?" Nikamwambia, kimekwisha. Akasema, "Basi kilisomwa sana." Hakusema kwa kunichoma, aliamini hivyo. Akaagana nami, akaenda zake na mzigo wake.

Sikumwambia kweli siku ile. Ninaisema hapa. Ninyi wakuu wa shule, msimpe mtu ufunguo kabla hamjamfundisha kazi yake, na akiomba kwenda kukutana na wenzake, mpimeni kwa mizani, kisha mwacheni aende. Ninyi wakutubi, semeni bila haya, ila mseme kwa ajili ya msomaji. Na wewe mwalimu mwenzangu, uliye na ufunguo mfukoni usiku huu, kesho asubuhi sogeza kabati mbali na ukuta, kisha ulifungue. Mtoto wa kijana yule ana miaka miwili. Baada ya miaka michache atakuja darasani kwetu, naye ataomba kitabu.